Mashine ya mtumba kwa boti ya tanga: kuna ugonjwa wa dawa na kuna ugonjwa wa kaburi

Mashine yangu ya kwanza ya mtumba, ya kupachika nyuma ya boti, siku naenda kuiona nilikuta muuzaji ameshaitumbukiza kwenye pipa la maji, akavuta kamba mara moja tu ikashika, maji yanaruka pembeni safi kabisa, sauti imetulia, mi nikajua leo nimeokota, nikalipa bila hata kuinama kuangalia chini. Wiki ya tatu upepo ukakata nikiwa karibu na miamba, mkondo unanisogeza taratibu, nikawasha, nikaingiza gia ya mbele, ikaenda mita kumi hivi, nilipoongeza mafuta tu nikasikia "krrr-kta!" gia imeruka yenyewe imerudi nyutro. Naingiza tena, inaruka tena. Nilifika gati kwa mwendo wa mtu anayesukuma mkokoteni, maana ilikuwa inakubali silensa tu, yaani mwendo wa chini kabisa bila kuongeza mafuta, na hapo hapo pakawa ndo mwisho wake. Fundi alipofungua giaboksi na kunitajia bei ya gia na shafti, ilikuwa haipishani sana na pesa niliyonunulia mashine nzima.

Ya pili niliinunua haiwaki kabisa. Imekaa stoo miaka, mwenyewe kakata tamaa, anataka tu itoke iache nafasi. Nikaivuta kamba polepole nikasikia inakaza vizuri, nikafungua oili ya gia nikakuta safi, nikabeba. Nyumbani nikashusha kabureta, kwenye bakuli lake chini kulikuwa na uchafu wa kahawia unaonata kama gundi, na kale kajeti kadogo, kitundu cha kupitishia petroli, kalikuwa kameziba hata mwanga haupiti ukikaelekeza juani. Nikasafisha, nikatupa mafuta yote ya zamani, plagi mpya, ikawaka. Bado ninayo mpaka leo.

Sasa ukiweka hizo mbili pamoja utaona kitu ambacho wanunuzi wengi hatukijui. Kuwaka sio dalili ya uzima na kutowaka sio dalili ya kifo. Mashine ina magonjwa ya dawa, yaani kabureta, plagi, impela ya pampu ya maji, mipira ya mafuta, kamba ya kuvutia, vitu vya kubadilisha mchana mmoja, alafu ina magonjwa ya kaburi: giaboksi iliyokula maji, silinda iliyopoteza kompresheni (nguvu ya kubana hewa ndani), bloku iliyoliwa na chumvi kwa ndani. Balaa ni kwamba yale ya dawa ndo yanapiga kelele, kila mtu anayaona, na yale ya kaburi yanakaa kimya mpaka siku uko majini. Kwa hiyo ukienda kununua kazi yako sio kuisikiliza ikiwaka, kazi yako ni kuyatafuta yale yaliyonyamaza.

Ila kabla hata hujapanda gari kwenda kuiona, hakikisha ni mashine ya boti ya tanga kweli. Hapa watu wengi wanapotea maana wanafikiria kama mtu wa boti ya mwendo kasi.

Nguvu kwanza. Boti ya tanga ni chombo cha kusukuma maji pembeni, haipandi juu ya maji ikateleza, kwa hiyo ina mwendo wake wa mwisho ambao unategemea urefu wake pale inapogusa maji. Hesabu yake inajulikana: chukua urefu huo kwa futi, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.34, unapata mwendo kwa noti (maili za baharini kwa saa). Boti yenye futi 16 majini, kipeuo chake ni 4, mara 1.34 ni noti 5.4 hivi, kama kilomita 10 kwa saa. Hapo ndo mwisho, ukiifunga mashine ya HP 6 (nguvu za farasi 6) au ukiifunga HP 25 utabaki hapo hapo, tofauti yake tezi, yaani nyuma ya boti, itazama zaidi na mafuta yatakwisha mapema. Kwa makadirio ya kawaida tani moja ya uzito wa boti inataka HP 3 au 4, na hiyo ni pamoja na akiba ya kupambana na upepo wa mbele. Boti ya tani moja na nusu na HP 6 wameoana kabisa. Sijui kwanini watu wanapenda kuweka HP 15 kwenye kichombo cha futi 20, labda sifa tu, maana mashine ya fo-stroki ya HP 6 ya silinda moja ina kama kilo 26 na ukipanda kwenye HP 9.9 au 15 unazungumzia kilo 40 na kwenda juu, uzito wote huo unaning'inia nyuma kabisa ya boti, na wewe ndo utakuwa unaupandisha na kuushusha.

Kitu cha pili ni urefu wa mguu, na hiki nakisisitiza kuliko HP. Mashine za kupachika zinakuja na mguu mfupi inchi 15, mrefu inchi 20, na mrefu zaidi inchi 25. Unapima kuanzia pale clampu inapokaa juu ya ubao wa nyuma mpaka kwenye lile bapa lililolala juu ya propela. Boti ya tanga inanesa, omo, yaani mbele ya boti, ikizama kwenye wimbi tezi inanyanyuka, na kama mguu ni mfupi propela inatoka nje, inakunywa hewa, mashine inapiga ukelele wa kutisha na boti haiendi popote, alafu tezi ikirudi chini propela inashika maji tena kwa kishindo. Fanya hivyo nusu saa uone kama giaboksi haitakulaani. Na hii hutokea palepale unapoihitaji mashine, bahari ikiwa imechafuka. Kwa hiyo inchi 20 ndo pa kuanzia, na kama ubao wako wa nyuma uko juu sana au mashine inakaa kwenye breketi, tafuta 25. Mguu mfupi hata ukipewa bure fikiria mara mbili. Soko la mtumba limejaa miguu mifupi kwa sababu ilitolewa kwenye viboti vidogo vya mpira, na muuzaji atakwambia "inakaa tu hiyo", we toa tepu yako ya kupimia.

Alafu kuna propela na uwiano wa gia. Zipo mashine zilizotengenezwa kwa kazi ya kusukuma mzigo polepole, propela pana yenye pichi ndogo (inasogea mbele kidogo kwa kila mzunguko) na gia inayopunguza mizunguko zaidi. Mfano Yamaha T9.9 gia yake ni 2.92 kwa 1 wakati F9.9 ya kawaida ni 2.08 kwa 1, ukiziona kwa nje ni ndugu lakini kwenye boti nzito ile ya T inasimamisha chombo kwa rivasi vizuri zaidi. Tohatsu nao wana HP 6 waliyoiita SailPro, mguu mrefu, propela ya kusukuma, na inachaji betri. Ukiikuta mtumba ya aina hiyo ikiwa nzima usizubae. Usipoipata sio mwisho wa dunia, mara nyingi unaweza kubadilisha propela tu ukaweka yenye pichi ndogo.

Na hakikisha ina rivasi. Vimashine vya HP 2 na 3 vingi havina, unageuza mashine nzima nyuzi 180 ndo urudi nyuma. Kwenye kiboti cha mpira sawa, lakini boti ya tanga ikishapata mwendo haina breki, rivasi ndo breki yako unapoingia gati.

Sasa lile swali la tu-stroki au fo-stroki, ambalo watu wanaweza kugombana usiku kucha. Tu-stroki ni ile unayochanganya oili kwenye petroli. Nyepesi, vyuma vichache ndani, fundi yeyote anaijua, unaweza kuilaza upande wowote ukiisafirisha. Inakula mafuta zaidi, ina moshi na kelele. Marekani na Ulaya sheria za moshi ziliziondoa tu-stroki mpya za kabureta sokoni kufikia mwisho wa miaka ya 2000, kwa hiyo kule ukiikuta tu-stroki ndogo ya mtumba jua ina umri wake. Sehemu nyingine za dunia bado zinauzwa mpya mpaka leo. Fo-stroki ina oili yake kwenye sampu kama gari, kimya, inakunywa kidogo, silensa yake imetulia, ila ni nzito, ina valvu, na kijeti chake cha silensa ni kidogo sana kiasi kwamba mafuta yakikaa kidogo tu kinaziba. Pia fo-stroki ina upande wake maalumu wa kulazwa, ukiilaza vibaya oili inaingia kwenye silinda. Ukikuta imelazwa hovyo kwenye gari la muuzaji hiyo ni taarifa tayari, huyu mtu haijui mashine yake.

Mi kwa boti ya tanga inayotumia mashine kuingia na kutoka tu, bado napenda tu-stroki kwa wepesi. Kwa anayesafiri masaa mengi kwa mashine, fo-stroki, hapo hata sibishani. Lakini kati ya tu-stroki iliyotunzwa na fo-stroki iliyotelekezwa, wala kusiwe na mjadala.

Kuhusu majina, Yamaha, Tohatsu, Suzuki, Honda, Mercury, zote zinatengenezeka, swali la maana ni spea zinapatikana wapi ulipo wewe. Kitu kimoja cha kujua ni kwamba fo-stroki nyingi ndogo zenye jina la Mercury zimetengenezwa na Tohatsu, na zile za Nissan nazo ni Tohatsu zilizobadilishwa stika, kwa hiyo spea zinaingiliana na unaweza kuokoa pesa. Johnson na Evinrude za zamani bado zipo nyingi na ni mashine ngumu, ila kampuni yao ya kwanza, OMC, ilifilisika mwaka 2000 na waliochukua jina, BRP, wakaacha kutengeneza Evinrude mwaka 2020, kwa hiyo kabla hujanunua piga simu kwanza kwa muuza spea umtajie modeli, umsikie anavyojibu. Ukimya wake wa sekunde mbili unatosha.

Haya, kuna sentensi moja utaisikia kila unapoenda: "Hii haijatumika sana." Kwenye gari hiyo ni sifa. Kwenye mashine ya boti ya tanga ni onyo. Mashine hizi haziuliwi na kazi, zinauliwa na kukaa. Fikiria matumizi yake, inawashwa dakika tano kutoka gati, inazimwa, inanyanyuliwa, inakaa mwezi. Haijawahi kupata moto vizuri, maji ya chumvi yamebaki kwenye njia za ndani yamekauka yakawa gamba, petroli iliyobaki kwenye kabureta imeruka mvuke ikaacha ule utomvu, na kama petroli ina ethanoli (pombe) ndani basi imevuta na unyevu, mpira wa impela umekaa umejikunja upande mmoja umekuwa mgumu. Mashine ya mvuvi inayofanya kazi kila siku na kusuuzwa inaweza kuwa na afya kuliko hiyo yenye rangi inayong'aa. Kwa hiyo muuzaji akisema haijatumika muulize hivi: ilikuwa inasuuzwa na nini, mara ya mwisho impela kubadilishwa lini, mafuta yaliyomo ni ya lini. Aliyeitunza atakujibu kabla hujamaliza swali, tena atakuchosha kwa maelezo. Asiyeitunza atarudi kwenye "we washa tu uone".

Ukishapanga siku ya kwenda, mwambie asiiwashe kabla hujafika. Na ukifika kitu cha kwanza, kabla ya salamu kukolea, weka mkono juu ya bloku. Ikiwa ya moto jua imepashwa ili ikuwakie kirahisi mbele yako, maana mashine yenye kompresheni iliyochoka au kabureta mbovu inasumbua ikiwa baridi. Mwambie basi tusubiri ipoe, mkae muongee mambo mengine.

Wakati inapoa toa kofia. Harufu ya kuungua? Unga mweupe wa chumvi kwenye kona na chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu? Chumvi kidogo nje ni kawaida, lakini chumvi ndani sehemu ambazo maji hayatakiwi kufika inamaanisha ama inavuja kwenye gasketi ama ilishawahi kuzama. Hiyo ya kuzama ni mbaya sana kwa boti za tanga maana mawimbi ya nyuma yanafika juu. Angalia bolti za kichwa cha silinda, kama zina alama za spana muulize nani alifungua na kwanini. Rangi mpya mpya kwenye mashine ya zamani pitisha kidole, ukikuta vimalengelenge chini yake alumini inaliwa na rangi ni shuka tu la kufunika.

Zungusha skrubu za clampu, nyanyua mashine, ishushe, igeuze kulia na kushoto. Ikigoma kugeuka au clampu imeganda, chumvi imeingia kwenye chuma na alumini zikashikana, na kuitoa hiyo bila kuvunja kitu ni kazi ya moto, nyundo na subira. Angalia na ile loki ya rivasi, kile kindoano kinachozuia mashine isijinyanyue unaporudi nyuma. Kikiwa kimeisha, ukiweka rivasi kwa nguvu mashine itapanda yenyewe itoke majini, na wewe gati hilo linakuja.

Sasa inama chini, pale ambapo mimi sikuinama. Angalia lile pezi la chini kabisa na ncha za propela, hapo ndo pana historia kamili. Rangi iliyokwanguka kawaida, lakini pezi lililovunjika na kuchomelewa linasema mashine iligonga mwamba, na ikigonga shafti inaweza kupinda. Weka nyutro, kwanza chomoa waya wa plagi, zungusha propela kwa mkono huku unatazama katikati yake kwenye nati: ikiyumba shafti imepinda. Isukume juu chini, ikicheza sana beringi imechoka.

Kisha oili ya gia, na hili usikubali kuondoka bila kulifanya. Kuna skrubu mbili pembeni ya giaboksi, ya chini na ya juu. Weka kikopo, legeza ya chini kidogo tu huku ya juu bado imefungwa, acha matone machache yatoke. Ya chini kwa sababu maji ni mazito kuliko oili, kama yamo yametuama chini na yatatoka ya kwanza. Chukua tone weka kati ya kidole gumba na cha shahada, sugua kwenye mwanga. Oili yenye afya inateleza vizuri hata kama imekuwa nyeusi, nyeusi peke yake usiogope. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, sili imekufa. Sili yenyewe ni ya bei ndogo, swali ni beringi zimekaa na maji hayo muda gani. Ukihisi punje punje za chuma zinakwaruza kidole, au vipande vinavyometa, funga skrubu, mshukuru, ondoka. Kuna wajanja wanabadilisha oili asubuhi ya siku unayokuja, utaikuta mpya kabisa inang'aa. Oili mpya sio kosa, ila ndo sababu unaiangalia tena baada ya kuiendesha dakika ishirini, kama sili inavuja utaanza kuona inapauka.

Kabla ya kuwasha pima kompresheni. Geji ya kupimia haina bei kubwa na fundi atakuazima, chomoa plagi zote, fungua akseleta yote, vuta kamba mara tano sita kwa nguvu. Kwa tu-stroki ndogo yenye afya mara nyingi utaona psi 100 hivi au zaidi, lakini geji zinatofautiana kwa hiyo kama ni silinda mbili angalia zaidi tofauti kati yake, isizidi asilimia 10. Moja 110 na nyingine 75, hapo kuna pistoni au ringi inalia. Kwenye fo-stroki usihukumu haraka kwa namba ndogo, nyingi zina kifaa kinachopunguza kompresheni wakati wa kuvuta kamba ili isikuvunje mkono, kwa hiyo geji itasoma chini hata kama mashine ni nzima. Kwenye fo-stroki vuta kijiti cha oili badala yake, ikiwa imekuwa uji mweupe, maji yameshaingia huko.

Sasa washa. Majini au kwenye pipa, kamwe sio kavu, impela ikizunguka bila maji inaungua ndani ya muda mfupi sana. Ikiwa baridi, choki imevutwa, kuvuta mara tatu nne ni halali. Ikishashika angalia kile kitundu kinachotoa maji pembeni, yaanze kutoka ndani ya nusu dakika hivi, mkondo wa kueleweka. Yakiwa hafifu usikimbilie kukata tamaa, ingiza kiwaya kwenye kitundu, mara nyingi ni mchanga au mdudu amejenga humo. Bado hafifu? Impela, hiyo ni dawa. Lakini kama impela ni mpya na mashine bado inachemsha, njia za ndani zimejaa gamba la chumvi na hapo umeshaingia mkoa mwingine. Moshi wa bluu kidogo kwenye tu-stroki ni wake, kwenye fo-stroki iliyopata moto sio wake. Mweusi ni mafuta mengi, kabureta. Mweupe usioisha kama mvuke, fikiria maji ndani ya silinda. Na kama mpo kwenye pipa na baada ya dakika chache inaanza kukohoa, usiilaumu kwanza, inawezekana inavuta moshi wake yenyewe maana unajaa pale pale juu ya pipa.

Kipimo ambacho kingeniokoa mimi ni hiki cha mzigo. Pipa halina mzigo wa kweli. Omba ifungwe kwenye boti, boti ifungwe kamba imara kwenye gati, ingiza gia ya mbele, panda polepole mpaka nusu ya akseleta, kaa hapo dakika kumi. Gia iliyolika meno yake itaruka hapo. Propela ambayo mpira wake wa katikati umeachia nayo itajionyesha hapo, mashine inapanda mlio lakini maji nyuma hayachemki, hiyo ni rahisi, propela tu. Kisha rivasi, kwa upole. Alafu rudisha silensa uisikilize dakika mbili bila kuigusa, mashine ya tanga inaishi kwenye silensa, unapokuwa unaingia kati ya boti za watu hutaki inayozima yenyewe. Jaribu pia ile kamba nyekundu ya kuzimia, ukiichomoa izime pale pale.

Muuzaji akikataa kipimo cha mzigo kwa sababu yoyote ile, hata kama sababu inaeleweka, bei inakuwa ya mashine ambayo gia haijulikani. Mi siku hizi nahesabu hivyo hivyo, najumlisha impela, plagi, oili, mipira ya mafuta na kusafisha kabureta kama vitu nitakavyonunua kwa lazima, natoa kwenye bei niliyotajiwa, wala sibishani kwa maneno mengi. Ugonjwa wa kaburi siupunguzii bei, nauacha hapo hapo.

Kabla ya kutoa pesa angalia namba ya mashine. Iko kwenye kibati au stika kwenye clampu, na mashine nyingi zina namba hiyo pia kwenye kiduara kidogo cha chuma juu ya bloku yenyewe. Zifanane. Kibati kimeng'olewa, kiduara kimekwanguliwa, hiyo mashine ina mwenyewe sehemu nyingine na analia. Soma na msimbo wa modeli, usiamini stika ya kwenye kofia, maana mashine nyingi za HP 9.9 na 15 zinatumia bloku moja, na 4, 5 na 6 vilevile, kofia zinaingiliana na stika zinauzwa. Unaweza kulipia 15 ukabeba 9.9.

Ukishaifikisha kwako usiipeleke majini siku hiyo hiyo hata kama mikono inawasha. Badilisha impela bila kujali muuzaji kasema nini, ile ya zamani ukiikuta mabawa yake yamejikunja upande mmoja hayarudi utaelewa. Mwaga mafuta yote yaliyomo, weka filta mpya, bonyeza lile puto la kusukumia mafuta uone kama linakaza na kubaki limekaza, lisipobaki kuna mahali panavuta hewa. Kama ni tu-stroki fuata uwiano ulioandikwa kwenye kitabu chake, nyingi za karibuni ni 50 kwa 1, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, za zamani sana zinataka oili nyingi zaidi. Badilisha vile vipande vya zinki, vinavyoliwa na chumvi badala ya mashine, kama vimeliwa nusu. Na kila ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kama haitatumika wiki kadhaa chomoa mpira wa mafuta iache iungurume mpaka ijizime yenyewe, kabureta ibaki tupu.

Halafu ifunge kamba ya usalama kwenye boti, fundo la kweli, kabla hata hujakaza clampu. Skrubu za clampu zinalegea kwa mtetemo kidogo kidogo, na hakuna mtumba ghali kama ule uliolala chini ya gati.